Diski ya Hénoc

Kabuta, 1 Desemba 1998

Ziwa limefungwa leo. Watu wa serikali wa samaki walipita asubuhi na pikipiki, wakasema yale ya kila mwaka: nyavu zitoke majini mpaka Machi, samaki wazae. Wanaume wamegeuza mitumbwi matumbo juu. Mutumbwi wa bwana wangu Hénoc umegeuzwa tangu miaka miwili, nao umeota majani ubavuni.

Kazi yangu ni kununua samaki wakavu hapa na kuwapeleka Nchelenge kwa kinga, baiskeli yangu, magunia nyuma, kikapu mbele. Bila samaki, kinga inaegemea ukuta na mimi naegemea mulango. Masista walionifundisha kule kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa, walikuwa wakisema mutu asiye na wa kuongea naye aandike. Basi nimeanza daftari. Nyumbani tuko wawili, mimi na Mama Olipa, mama ya Hénoc, na Mama Olipa hasikii. Homa ilimukamata akiwa na miaka mitatu, ikamuachia uhai, ikaondoka na masikio. Anaongea kwa mikono. Aliyeijua lugha hiyo yote ni Hénoc peke yake. Aliiongea kabla hajaongea na mudomo. Alipoenda Dubai kubeba mizigo ya wafanyabiashara, aliniachia maneno kama kumi: kula, maji, samaki, mvua, lala, njoo. Maneno kumi hayatoshi nyumba.

3 Desemba

Mvua. Paa linavuja juu ya unga.

8 Desemba

Nywele za Mama Olipa zilianza kuota, na leo amenyoa kichwa tena. Kitambaa cheusi hakitoki kwenye paji la uso wake. Analilia mutoto ambaye hajafa, na kosa lilianzia kwangu.

Mwezi wa nane, vita ilipoanza ng'ambo, mutu mumoja alivuka na habari ya kaka yangu Evariste, kwamba aliuawa barabarani. Nilianguka uani, nikalia. Mama Olipa alikuwa akitwanga mihogo. Hakusikia jina. Aliona tu muke wa mutoto wake anajitupa chini, akaachia muchi, akajitupa pembeni yangu. Majirani walidhani ananisaidia kulia. Nilifahamu baada ya juma zima, nilipomukuta amelaza shati la Hénoc kwenye mukeka, mikono ya shati ameikunja kifuani.

Nimemwambia kwa kila njia. Nimeshika picha ya Hénoc, nikatikisa kichwa, nikacheka ili aone. Ananipapasa mugongo kama mutu anayetuliza mwenye homa. Picha si kitu kwake, hata wafu wana picha. Na neno "muzima" sina, Hénoc hakunifundisha.

Tena barua haijafika tangu mwezi wa sita. Nasema vita imefunga njia. Siku nyingine sijui kama nasema hivyo kwa sababu naamini.

13 Desemba

Mpundu, mutoto wa dada wa Mama Olipa, alikuja kututazama. Mama alimushika mukono, akamupeleka kwenye mutumbwi, akahesabu miezi kwa vidole: siku ziwa litakapofunguliwa, mutumbwi ni wake. Kisha akanigeukia mimi. Alifanya kama anamwaga maji juu ya kichwa changu, akanyoosha mukono ng'ambo.

"Anasema atakuosha ujane, shemeji," Mpundu alisema. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. "Uwe huru kurudi kwenu. Kwetu hiyo ni heshima. Hataki kukushika bure."

Mpundu anautaka mutumbwi, na anaona haya kuutaka. Simukasirikii. Na Mama anataka kunipa ruhusa ya kurudi kule watu wanakotoka wakikimbia, tena anaitoa kwa upendo, na mimi sina mikono ya kumujibu.

25 Desemba

Noeli. Kuku mumoja. Mama alinipa paja.

6 Januari 1999

Yaya Brigitte amefika; yaya ni dada mukubwa, tunamuita hivyo kwa heshima. Yeye ananunua vitenge na vyombo Dubai, akiuza huku na ng'ambo ya ziwa, na safari hii alipitia Lusaka kwa sababu ya vita. Hakukaa hata kitini, alifungua mufuko wake wa mukononi.

"Nilimuona Hénoc kwa macho yangu," alisema. "Iko muzima. Alinipa hii."

Nilikaa chini kwanza. Kisha nikapokea. Ni diski, kama zile za muziki, inang'aa rangi za mafuta ya taa juu ya maji.

"Ni nini?"

"Ni sinema. Rafiki yake alimupiga na kamera ndogo, halafu wakapeleka kwa Muhindi wa duka, akahamisha picha kwenye diski. Muhindi alisema siku hizi kila mutu duniani iko na mashine yake."

"Juu ya nini hakuandika barua?"

Yaya Brigitte alifunga mufuko wake polepole. "Alinikataza kusema. Utaona weye mwenyewe."

Mama Olipa alikuwa mulangoni. Yaya Brigitte akamuendea, akagonga nyusi yake ya kushoto kwa vidole viwili, ndiyo jina la Hénoc kwa sababu ya kovu lake, kisha akajionyesha macho, akanyoosha kidole mbali, akatabasamu sana. Mama alimutazama mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akaingia jikoni, akamuletea mugeni bukari, ugali wetu, na mboga, kama anavyopewa mutu aliyetoka mbali kuleta pole.

7 Januari

Nilipeleka diski kwa padri, ana redio ya kuchezea diski. Redio iliandika namba 1, ikazunguka, ikanyamaza. Padri aliigonga ubavu. "Imesoma," alisema, "lakini haina la kusema." Nikarudi.

11 Januari

Nchelenge kuna nyumba ya Ba Mwelwa. Alikuwa muchimbaji wa mugodi wa shaba Copperbelt miaka kumi na tisa, mwaka juzi walimupunguza kazi, akarudi kwao na televisheni na mashine ya michezo. Vijana wanajaa sebuleni kwake kucheza mupira wa kwenye kioo. Watu waliniambia mashine ile inakula diski.

Alinipokea kama mwizi. Anafoka huyu mutu, hata kusema karibu ni kelele.

"Hii mashine iko ya michezo, mama. Sinema apana."

Kijana mumoja alisema kuna kipande cha kuchomeka nyuma, kilikuja na mashine kutoka Lusaka, muuzaji alisema kinafungua sinema.

"Kile sijafungua," Ba Mwelwa alifoka. "Kikiua mashine, mimi nitafanya nini? Nitacheza na mawe?"

Nilisema diski ni ya mama yangu kiziwi. Akasema nini. Nikarudia. Akasema nini tena. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka vijana wakaacha mupira, nikaona uso wake umebadilika.

"Mulete," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo."

Njiani nilimutukana mpaka Kabuta. Mutu wa kumurudisha mwenziwe nyuma mara tatu.

19 Januari

Kila siku namuuliza Mama majina ya vitu. Nikiona Hénoc anaongea, nataka kumufahamu. Leo maneno saba: chumvi, aibu, jirani, uongo, mwezi, mujamzito, padri. "Padri" ni tumbo na mwendo wa bata. Sikujua kwamba Mama Olipa ni mutu wa kuchekesha. Nimekaa naye miaka mitano, nikidhani ni mukali.

23 Januari

Nilimupakia Mama nyuma ya kinga, miguu upande mumoja, amenishika kiuno. Barabara imekuwa uji. Tulishuka mara nyingi kusukuma, na penye madimbwi aliinua miguu kama malkia. Alijua tu tunaenda mujini. Kila nilipogeuka aliniuliza kwa kidevu: wapi?

Tulipofika, radi ilikuwa imekula umeme wa upande ule wote. Ba Mwelwa aliketi mbele ya kioo cheusi. Mama alikitazama pia, kwa adabu, saa nzima. Tukarudi.

24 Januari

Mafua. Wote wawili.

30 Januari

Umeme ulikuwepo. Ba Mwelwa aliwafukuza vijana, akachomeka kipande nyuma ya mashine, akaweka diski. Mashine ikazunguka, ikakwama. Akaitoa, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha. Ikakwama. Kisha akaigeuza mashine yote miguu juu kama mutumbwi wa Desemba, akasema siku nyingine inakubali kusoma hivyo tu. Ikasoma.

Lakini kilichokuja hakikuwa mutu. Rangi hazikuwepo, na mistari ilikuwa ikishuka na kushuka. Kulikuwa na kitu cheupe katikati, labda shati. Mama alitazama sana, kisha akaniambia: mvua. Akasimama, akanivuta, turudi nyumbani tukaanue mihogo.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba. Ba Mwelwa alinifuata. Safari hii hakufoka, alisema polepole, na ndipo nilipoona kwamba anatazama mudomo wangu ninapojibu.

"Mugodini walipasua mawe kwa baruti kila zamu," alisema. "Hili sikio limekufa. Hili lingine linakufa. Nafoka kwa sababu sijisikii mwenyewe, mama. Niachie diski. Nitaipata."

Nimeandika kwamba alinipokea kama mwizi. Siifuti, lakini naandika na hii.

2 Februari

Mama amemuita Mpundu aje kung'oa majani kwenye mutumbwi. Zimebaki siku ishirini na saba. Amekwisha kuniwekea kitenge kipya cha siku ya kuoshwa, ameficha chini ya godoro lake. Nilikiona. Ni kizuri, cha maua ya bluu, bila shaka alikinunua kwa Yaya Brigitte.

4 Februari

Nilimuuliza Mama leo: mutu akiwa hajafa, tunasemaje? Nilitumia mutoto wa jirani aliyekuwa na malaria akapona. Mama akaweka kiganja juu ya tumbo, kikapanda, kikashuka. Anapumua. Ndilo neno. Niligonga nyusi yangu ya kushoto, nikaweka kiganja juu ya tumbo langu, kikapanda, kikashuka. Kisha akachukua mukono wangu, akautoa tumboni taratibu, akaurudisha pajani kwangu.

6 Februari

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Ba Mwelwa alituma neno kwa mupanda kinga: njooni. Tulifika muchana, hakuna mvua. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliniambia kwamba pembeni ya kile kipande kuna kiswichi kidogo kama punje ya muchele, kina pande mbili, kwa sababu televisheni za dunia haziongei lugha moja. Siku tano alihangaika na waya, na kiswichi kilikuwa pale. Alikisukuma kwa ncha ya pini.

Tulimukalisha Mama kwenye kiti karibu kabisa na kioo. Mashine miguu juu. Ikazunguka.

Hénoc akatokea.

Rangi zote. Ameketi juu ya katoni, nyuma yake ukuta mweupe na jua kali. Amekonda. Kovu lake liko kwenye nyusi. Mama hakusogea. Nilidhani haoni, nikamugusa bega, likawa gumu kama mbao. Ndipo Hénoc akafanya kile ambacho picha haifanyi, akapiga chafya. Akapangusa pua kwa kiwiko, kama anavyofanya sikuzote, akacheka na mutu aliyeshika kamera.

Mama alitoa sauti. Sijapata kuisikia sauti yake hivyo, ilitoka chini sana.

Hénoc akaanza kuongea na mukono wa kushoto peke yake. *Mama. Mimi. Nakuona.* Mukono wa kulia ulikuwa nyuma yake. Niliona Mama anainama pembeni, kama anayetaka kuchungulia nyuma ya kioo. Anajua mikono ya mutoto wake. Alijua mumoja unafichwa.

Kisha Hénoc akautoa, akauweka juu ya goti. Kidole kidogo hakipo, na kile kinachofuata hakipo.

*Mulango wa chuma,* alisema. *Wa sanduku kubwa la mizigo. Ulishuka.* Alikuwa akitumia mikono yote miwili sasa, na maneno yake ya mukono wa kulia yalikuwa na pengo, kama mutu aliyeng'oka meno. Mara mbili alikosea, akaacha, akarudia. *Mwezi wa saba. Maumivu. Sasa hapana. Nakula. Nafanya kazi. Nina aibu. Usilie. Mvua moja tena, narudi.*

Nilifahamu kila neno. Hata "aibu."

Mwishoni alitazama kamera, akasema na mudomo: "Germaine, unisamehe. Siwezi kushika kalamu bado. Wengine walitaka kuniandikia, nikakataa. Sikutaka upate habari hii kwa mwandiko wa mutu mwingine."

Picha ikaganda. Dakika nne hazikufika.

Mama aligonga kiti kwa kiganja: tena. Ba Mwelwa akairudisha. Tena. Mara ya tatu alisimama, akaweka vidole vyake juu ya kioo, pale penye mukono wa kulia wa Hénoc, akaufuata ulipokwenda. Vumbi la kioo likabaki na michirizi ya vidole vyake. Ba Mwelwa alikuwa amegeukia dirisha.

Kisha Mama akafungua kitambaa cheusi. Alikikunja mara nne, akakiweka mufukoni, akanigeukia, akanipiga kofi dogo begani. *Kwa nini hukuniambia?*

*Nilikwambia,* nikasema. *Miezi sita.*

Alifikiri. *Ulisema vibaya,* akasema.

7 Februari

Tulilala kama mawe.

8 Februari

Leo nina hasira. Jana furaha iliifunika. Miezi sita mutu analala kitanda kimoja na aibu yake, na huku mama yake ananyoa kichwa. Kama angemwambia hata Muhindi wa duka aandike mustari mumoja, *niko*, basi. Nilimwambia Mama hivyo, kwa mikono yangu mibovu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema: wewe una mudomo na kalamu na mikono. Yeye kwangu ana mikono tu. Walimukata ulimi, ndivyo alivyoona. Alitaka kwanza ajaribu kama bado anaweza kuongea nami.

Sikuwa nimewaza hivyo. Hasira imebaki, lakini imepata mahali pa kukaa.

11 Februari

Mpundu alikuja. Mama alimwambia mutumbwi hautolewi tena, lakini autumie musimu huu, apeleke sehemu ya samaki hapa. Mpundu alipumua kama mutu aliyetuliwa muzigo. "Ningeuendesha nikiona haya kila siku," aliniambia. Akaendelea kung'oa majani.

14 Februari

Mama anafanya kitu. Nilidhani ni baridi yabisi. Anaketi uani, amekunja vidole viwili vya mwisho vya mukono wa kulia, amevishika kwa kidole gumba, na anaongea peke yake. Samaki. Mvua. Jirani. Anatafuta kila neno linasemwaje kwa vidole vilivyobaki. Yale yanayovunjika, anayatengeneza mapya. Leo alinifundisha "mutumbwi" mupya. Ni mwepesi kuliko ule wa zamani.

Anaandaa lugha ili Hénoc akirudi aikute.

20 Februari

Ba Mwelwa alifika Kabuta kwa kinga, bila sababu aliyoitaja. Alikaa na Mama uani. Jioni alijua kula, maji, njoo, na padri. Aliondoka akicheka kimya. Alisema mutu anayeitwa Chishimba atatoka Mansa na kamera kwa harusi ya Jumamosi ijayo, na Yaya Brigitte ataondoka tarehe mbili kurudi Dubai. Nikamwambia Mama. Akauliza kama mashine ile inaweza kuangalia upande huu pia.

27 Februari

Kesho kutwa ziwa linafunguliwa. Wanaume wanapaka mitumbwi lami, harufu iko kila mahali.

Chishimba alikuja baada ya harusi, bado na ua kwenye koti. Alisema kanda yake imebaki kidogo, dakika tano labda, na kwamba Muhindi yule wa Dubai ataihamisha kama alivyohamisha ile ya kwanza. Tulimuweka Mama kwenye kiti uani, ukuta nyuma yake. Alivaa kile kitenge cha maua ya bluu, cha kuoshwa ujane. Aliniuliza kwanza kama nakubali akivae. Nilisema kinamupendeza yeye zaidi.

Chishimba alinyanyua kamera begani. Mama alianza polepole, vidole viwili amekunja, ili Hénoc aone. *Mutoto wangu. Nimeona. Ongea hivi. Tazama, inawezekana.* Akamuonyesha maneno mapya moja moja, kila moja mara mbili, kama mwalimu. Mutumbwi. Jirani. Kesho. Nyumbani. Kisha akaacha kufundisha, akaanza kuongea tu.

Niliona taa nyekundu ya kamera inazimika. Chishimba alitoa jicho kwenye kamera, akanitazama, akafungua mudomo. Nilimwashiria kwa kichwa: baki hivyo hivyo. Ni mutu muzuri. Alirudisha jicho mahali pake, na kamera iliyokufa ikabaki begani, na mukono wake ulitetemeka kwa uzito, hakuushusha.

Haya ndiyo ambayo hayakuingia kwenye kanda, Hénoc. Nitakuandikia kwenye barua ya kumupa Yaya Brigitte, lakini nayaandika hapa kwanza, yasinitoroke.

Alisema mihogo ya mwaka huu ni michungu, imelowekwa siku chache, kosa ni la mukeo. Alisema dada yake wa kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, amepata mujukuu mwenye masikio makubwa. Alisema alipokuzaa, jambo la kwanza alilotazama ni mikono, alihesabu vidole, kumi, akafurahi, na kwamba hesabu ile ilikuwa ya kijinga, angehesabu kitu kingine. Alisema kuna mutu mujini anayefoka ambaye sasa ni rafiki yake. Alisema siku ile kwenye kioo, kabla ya mikono, chafya ndiyo iliyomuonyesha kwamba unapumua. Alisema muke wako anaongea kama mutoto wa miaka miwili, lakini anaongea muchana kutwa.

Kisha akanigeukia mimi. *Nimesema mengi,* aliniambia. *Mashine haijachoka?*

Nilimutazama Chishimba, jasho likimushuka shingoni.

*Haijachoka,* nikasema. *Endelea.*